Vituo vya Kusikiliza Mto

Watembezi walimpenda kwa sababu ya vituo vyake. Viongozi wengine wa njia ya mtoni walikwenda mwendo wa kukimbizana: poromoko la maji la kwanza, la pili, la tatu, juu ya genge, picha, haya turudi. Yeye, ambaye wenzake walimwita Mama Polepole, kila penye mwinuko aliinua mkono akasema hapa tusimame, tufumbe macho, tuusikilize mto.

Watu wazima na akili zao wakafumba macho. Naye akapata nafasi ya kuegemea jiwe na kulikanda goti la kushoto, ambalo tangu mvua zilizopita lilikuwa likiwaka kama kaa la moto.

Siri hiyo hakumwambia mtu. Kiongozi mwenzake aliyeumia mgongo alipewa asante na mkono wa kwaheri, na yeye nyumbani alikuwa na mama mzazi asiye na mwingine wa kumtazama. Rafiki yake, mpishi wa watembezi, alipomuuliza mbona siku hizi anashuka ngazi kinyumenyume, alijibu kwamba yeye na ngazi hawasalimiani.

Lakini sifa hazina breki. Watembezi walisimulia vile vituo mpaka habari zikamfika msimamizi, na msimamizi akafurahi, akampangia safari ya pili, ya alasiri. Ujanja aliouzua ili apumzike ukamzidishia kazi.

Alasiri moja msimamizi mwenyewe alifuatana nao, vibao kwapani na nyundo mkononi. Kila kibao kiliandikwa "Kituo cha Kusikiliza". Mama Polepole akisimama, kibao kinapigiliwa. Walipita poromoko la kwanza, lililowarushia manyunyu usoni, wakapita la pili. Kwenye la tatu watu walipiga picha huku yeye akitazama tu viatu vyake, akivihurumia.

Hapo njia ikazunguka nyuma ya genge, mahali mpando mkali unapoanzia. Goti likagoma.

"Hapa tusimame," alisema, sauti imemtoka kama ya mtu aliyeamshwa. "Tuusikilize mto."

Wakafumba macho. Wakasikiliza. Kimya. Genge lile lilisimama kati yao na maji kama ukuta, na mto haukusikika hata kidogo. Alikuwa amepita hapo mara zisizo na idadi, na alilijua hilo; leo uchovu uliitangulia akili.

Mtembezi mmoja, mama wa makamo aliyekuwa fundi cherehani, aliegemea fimbo yake, akafumbua jicho moja.

"Dada," alisema taratibu, "mimi hapa nasikia tumbo langu tu."

Watu wakacheka. Msimamizi alibaki na nyundo hewani, akimtazama kiongozi wake. Mama Polepole angeweza kuzua neno, kwamba hapa ndipo mto unapolala. Wangeamini, na kibao kingepigiliwa. Lakini hata uongo unataka nguvu, naye zilikuwa zimemwishia.

"Sisikilizi kitu, bosi," alisema. "Sijawahi kusikiliza. Ni goti. Vituo vyote hivyo ni goti."

Msimamizi alivitua vibao vilivyobaki polepole, kama mtu anayelaza mtoto, kisha akawaambia watembezi wamfuate, genge atawapandisha mwenyewe. Mpando huo hakuwa ameukanyaga tangu apewe ofisi na kiti cha kuzunguka.

Fundi cherehani hakwenda. Alisema yeye na miguu yake walikubaliana mwisho ni hapo. Wakaketi wawili juu ya jiwe, Mama Polepole akitafuta maneno ya kumwambia mama yake jioni, asiyapate. Huko juu vijiwe viliporomoka kimojakimoja chini ya nyayo za watu.

Hata nusu ya mpando hawajafika, sauti ya msimamizi ikashuka, imekatikakatika kwa kuhema.

"Jamani... hapa tusimame kidogo. Tuusikilize mto."

Fundi cherehani akamsogezea mwenzake fimbo.

"Haya," alisema. "Goti lako limepata wakili."