Mawe Yaliyopakwa Chokaa

"Hivi Mama Frednand, hiyo bembea wanatoa kilo ngapi kwa kaya?"

Eustakia, jirani wa ng'ambo ya migomba, aliwahi kumuuliza Ildefonsa hivyo siku moja wakipalia mihogo, tena kwa sauti ya chini kama anayeulizia siri ya Serikali. Ildefonsa akasimamisha jembe.

"Bembea hailiwi, Eustakia. Ni ya watoto kuchezea."

"Kama hailiwi, mbona watu wamekwisha weka mawe?"

Ildefonsa akainua jembe, akaendelea kupalia. Miaka ile, tangu wakimbizi walipovuka mpaka na vilima vya Ngara vikafunikwa na mahema, kila mtu alikuwa amejifunza jambo moja: penye foleni pana kitu. Palikuwa na foleni ya mahindi, ya mafuta, ya maji, ya blanketi, hata ya sindano. Ukiona migongo imefuatana, unajiunga kwanza, kuuliza baadaye. Na kwa kuwa hakuna awezaye kusimama kutwa nzima, kila mmoja alikuwa na jiwe lake. Unaliweka kwenye mstari, unakwenda kulima au kuzika, ukirudi unasimama penye jiwe lako. Watu waliibiana kuku, mipini ya majembe, hata milango, lakini jiwe la foleni lilikuwa kama kapu la sadaka. Halikuguswa.

Kitu chenyewe kilikuwa kiwanja cha michezo. Shirika moja lililohudumia kambi lilileta vyuma kwa lori kupitia Nyakanazi, likavisimika kwenye uwanda ulio kati ya kambi na kijiji, ili watoto wa wakimbizi na wa wenyeji wacheze pamoja. Palikuwa na bembea nne, mtelezo mmoja, na sahani kubwa ya chuma ambayo watoto hukaa juu yake ikazungushwa. Upande mmoja wa uwanda ilipita barabara. Upande wa pili lilikuwa shamba la maharage la Ildefonsa.

Maharage hayo yalikuwa yamebakiza siku nne yavunwe. Msimu uliotangulia mbuzi wa wageni waliyala yote hadi mashina, kwa hiyo humo ndimo ilimokuwa mbegu ya mwaka ujao na chakula cha mpaka Noeli. Mkimbizi alikuwa na kadi ya mgao. Ildefonsa alikuwa mwenyeji na mjane, kadi hakuwa nayo. Maharage yale yakikanyagwa, hakuna foleni ambayo ingempokea yeye.

Ndiyo maana msimamizi wa shirika, kijana aitwaye Emilian, miezi miwili tu tangu atoke Dodoma, alipokuja nyumbani kwake, Ildefonsa hakumkatalia. Emilian alikuwa amemwona kanisani Juma Kuu akiwapanga watu mia nne waliokuja kuungama, benchi baada ya benchi, kwa kunyoosha kidole tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Nimekuja kukuomba unisimamie foleni Jumamosi, siku ya ufunguzi."

"Nitasimama. Ila foleni ikae upande wa barabara. Maharage yangu yasiguswe."

"Mama, hata kuku hatapita." Akamvika filimbi shingoni, wakaagana.

Jumamosi asubuhi Ildefonsa alisali kwanza, ndipo akateremka uwandani. Alimkuta Emilian anang'aa meno yote thelathini na mawili.

"Umeona, mama? Jana jioni nilikuta mawe yamezagaa njia nzima, kama mia tatu. Nikajiuliza, mgeni rasmi atapita wapi? Vibarua wameyakusanya, wameyapaka chokaa, wameyazungushia kiwanja. Maridadi, siyo?"

Ildefonsa akatazama. Mawe yalikuwa duara moja kubwa, meupe pee, na ile sahani ya chuma katikati. Kutoka kwenye mawe ya upande wa kusini hadi tuta la kwanza la maharage zilikuwa hatua mbili.

"Bwana Emilian," alisema taratibu, "umepaka chokaa watu."

"Watu gani?"

"Wanakuja."

Wakaja kweli. Walipofika walipigwa na bumbuazi, kisha kila mmoja akainama kutafuta jiwe lake. Irakoze, mama mmoja wa kambini, alilijua la kwake kwa ufa uliofanana na kwato la mbuzi. Akalikwangua kwa ukucha, akaridhika, akasimama. Eustakia naye akalikuta lake lenye pua. Haikupita saa moja, watu mia tatu walikuwa wamesimama kwa duara, kifua kwa mgongo, kila mtu kwenye nafasi yake halali, na hakuna aliyekuwa wa kwanza.

"Mimi ni wa tatu," Irakoze akasema.

"Wa tatu kutoka wapi?" Eustakia akamrukia.

"Kutoka mbele."

"Mbele ndiyo wapi?"

"Huko anakotazama huyu."

"Huyu anatazama mgongo wa mwenzake, na mwenzake anatazama wa mwenzake, mpaka unarudi kwangu! Basi mbele ni mimi!"

"Wewe? Wewe unanipumulia kisogoni tangu asubuhi, leo uwe mbele yangu?"

Upande wa pili palikuwa na Abbasi, mfanyabiashara kutoka mjini Ngara, mwenye kofia safi na maneno laini. Yeye alikuwa ameweka mawe kumi na moja pale mwanzo wa mstari na kuyauza, jiwe moja kwa kibaba cha mahindi. Sasa wateja walikuwa wamemkaba.

"Uliniuzia jiwe la mbele, Abbasi. Mbona nimezungukwa na watu?"

"Ndugu yangu, usijitie presha. Geuka tu. Ukigeuka, walio mbele yako wote watakuwa nyuma."

Mteja akageuka. Akajikuta anatazamana uso kwa uso na mwanamke aliyekuwa nyuma yake, naye hakukubali kutazamwa. Wengine waliposikia kwamba kugeuka kunasaidia, nao wakageuka. Foleni moja ikawa inakwenda huku na huku.

Ildefonsa akapuliza filimbi, nia yake watulie. Alikuwa amesahau kwamba kwenye mgao, filimbi maana yake ni sogea hatua moja. Duara lote likasogea hatua moja. Emilian alipoona limesogea, akadhani ni utaratibu, akatoa filimbi yake naye akapuliza. Hatua ya pili. Akapuliza tena. Watu wakazunguka polepole, nyuso zimejaa matumaini, na ile sahani ya chuma imetulia tuli katikati kama mgeni aliyealikwa akasahauliwa.

Ndipo ikaingia gari ya mgeni rasmi, mkubwa wa shirika kutoka makao makuu. Ikataka kupenya.

"We mwenye gari! Shika foleni!"

"Jiwe lake liko wapi?"

"Hana jiwe! Huyo karuka mstari!"

Dereva, mtu mwenye busara, akashuka mbio, akaokota jiwe kando ya barabara, akamkabidhi bosi wake dirishani. Mgeni rasmi akalipakata mapajani, tai imenyooka, akaingizwa kati ya Irakoze na mzee mmoja wa Murusagamba, gari ikawa inasogea hatua moja kila filimbi.

Mchezo ungekuwa huo tu, Ildefonsa angecheka. Lakini barabarani watu walikuwa wanapita, wanaona foleni, wanaokota jiwe, wanaingia. Mia tatu wakawa mia nne, mia nne wakawa mia tano, na duara likawa linanenepa kama mtu aliyevimba. Zile hatua mbili zikawa moja. Kisigino cha mtu kikagusa tuta. Ildefonsa akaenda kusimama pale, mgongo kwa maharage, mikono ameitandaza.

"Jamani, rudini mbele kidogo."

"Mbele ni wapi, mama?" wakamjibu, na hawakuwa wanamdhihaki.

Emilian sasa jasho lilikuwa linamtiririka. Akachukua kipaza sauti, akatafuta mahali pa juu pa kusimama, na mahali pa juu palikuwa matuta. Akampita Ildefonsa kwa pembeni, akaruka ndani, akapanda tuta la nne.

"Tangazo! Tangazo! Ili kuondoa usumbufu, foleni inaanzia hapa! Hapa nilipo mimi!"

Nyuso mia tano zikageuka. Kila mkono ukaokota jiwe lake. Abbasi akakunja suruali.

Ildefonsa aliliona jambo lote kama mtu anavyoiona mvua ya mawe ikishuka kilimani: maharage, mbegu, Noeli. Mikono yake miwili ilikuwa haitoshi. Akainua macho kumwomba Mungu, na alipoinua macho akaliona jua. Lilikuwa utosini.

Akaiachia filimbi ikaning'inia. Akafanya ishara ya msalaba kubwa, ya kuonekana mbali, akapaza sauti ile ya kanisani:

"Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria!"

Mguu wa kwanza, uliokuwa umekwisha inuliwa juu ya maharage, ukabaki hewani. Kisha ukarudi ulikotoka.

"Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu," wakaitikia, wenyeji na wakimbizi, kofia zimevuliwa. Saa sita ni saa sita: ndiyo saa ya sala ya Malaika wa Bwana, na popote inapokukuta unasimama. Hata Abbasi, ambaye hizo hazikuwa sala zake, alishusha suruali na kusimama kwa adabu.

Lakini sala ile ni fupi, na Ildefonsa alijua. Amina ikifika, miguu itakumbuka. Kwa hiyo amina haikufika. Akaunganisha na litania ya kuwaita watakatifu mmoja mmoja, na alipoianza litania akaanza kutembea, kama kwenye maandamano ya Ekaristi, kuelekea barabarani.

"Maria Mtakatifu!"

"Utuombee!"

Walio karibu naye wakamfuata wawiliwawili, mawe kwapani, wengine kichwani. Duara likakatika hapo, likaanza kufumuka kama uzi wa sweta. Watakatifu aliowakariri wakamwishia kabla nusu ya watu haijatoka, akaingia kwenye majina ya ubatizo ya wanakijiji. Mtakatifu Desderius, utuombee. Mtakatifu Agripina, utuombee. Alipofika kwa Mtakatifu Emilian, watu waligeuka wakamtazama yule aliyesimama kwenye tuta na kipaza sauti, wakasita kidogo, kisha wakaitikia kwa huruma.

Aliwapeleka hadi kwenye kona ya barabara, ndipo akasema amina. Nao, kwa mazoea, kila mmoja akaweka jiwe lake chini pale alipofikia, akasimama kando yake. Foleni ikawa imenyooka, nyeupe, ina mwanzo na mwisho, mbele yake hakuna kitu chochote, na hakuna aliyelalamika.

"Sasa hii ndiyo foleni," Eustakia alisema. Alikuwa wa tatu.

Ildefonsa akarudi uwandani peke yake. Watoto, ambao tangu asubuhi hawakuwa wamepanga mstari wowote, walikuwa wamejaa juu ya ile sahani ya chuma, wanazunguka na kupiga yowe la furaha. Mgeni rasmi alikuwa amekaa garini na jiwe lake, anangoja filimbi. Emilian alisimama na mkasi mkononi mbele ya utepe ambao watoto walikuwa wamekwisha ufanya kamba ya kurukia.

"Mama, foleni yangu umeipeleka wapi?"

Ildefonsa alimpita, akaingia shambani. Alikuwa anakagua matuta. La kwanza zima. La pili na la tatu, mashina mawili matatu yameinama, yatainuka. La nne lilikuwa limelala chapa, mashina kumi na moja, maganda yamepasuka. Alama za viatu zilikuwa za mtu mmoja, zenye kisigino. Akavitazama viatu vya Emilian. Jani la harage lilikuwa limenata kwenye soli.

"Lakini umenisaidia sana," Emilian aliendelea, hajaona kitu. "Jumatatu tunafungua bomba jipya la maji upande wa pili wa kambi. Watakuja watu elfu mbili. Nitakuhitaji, mama. Na mawe safari hii nitayapaka rangi mbili."

Ildefonsa akachuchumaa, akaziokota punje zilizomwagika, moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga. Akavua filimbi shingoni, akaitundika kwenye mnyororo wa bembea, akapita kati ya watoto akaenda zake.