Feni Iliyonasa

Kompyuta ya Kuruthumu ilizimika tena, mchoro wa kanga ukiwa karibu kwisha. Alikwisha kubadilisha waya wa umeme, akanunua mwingine Kariakoo, lakini wapi!

“Achana nayo, mke wangu,” alisema mumewe, Hashimu. “Hiyo imeshakufa.”

“Ingekuwa imekufa isingewaka.”

Aligusa ubavu wa kompyuta, ukamchoma kama pasi. Akafungua skrubu. Ndani, feni ilikuwa haizunguki. Ilikuwa imezongwa na nyuzi zilizotoka kwenye cherehani yake mwenyewe. Kuruthumu akacheka kwa uchungu, kisha akazichomoa kwa sindano, uzi baada ya uzi, mpaka feni ikawa safi.

Alipoiwasha kompyuta, feni ikavuma. Akavuta kiti, akauanza mchoro upya, na safari hii akaumaliza.

“Haya, umeshinda,” alisema Hashimu, akimsogezea chai.