Ng'ombe Watano wa Manju Shimba

Modesta hakuwa mwizi wa kodi, na hilo ndilo lililomuuma. Kila shilingi ya mashine yake ya kukoboa mpunga pale Kisesa ilikuwa na karatasi yake, isipokuwa ng'ombe watano.

Mwaka jana wateja walianza kuhamia Magu. Akabandika mabango, akakodi gari la spika, wapi! Ndipo akamwita Shimba, manju wa ngoma. Kundi lake likacheza siku tano mbele ya mashine, likaimba jina la Modesta mpaka foleni ya magunia ikarudi. Akawapa ng'ombe watano mbele za watu. Mcheza ngoma wa Usukuma humpi bahasha ya pesa.

Afisa wa kodi, Jovitus, kijana mpole, aliweka kidole kwenye hesabu.

"Mama, matangazo tunayakubali kama gharama za biashara. Mabango sawa, gari sawa. Hawa ng'ombe hawana risiti. Niletee basi barua ya aliyewapokea, aseme walikuwa malipo ya kazi."

Ng'ombe hao wakikataliwa, kodi ingepanda kwa zaidi ya milioni mbili. Modesta hakuwa nazo. Kitu pekee cha kuuza kilikuwa mota ya mashine.

Alimweleza Shimba mara mbili barua iseme nini. Mzee akasikiliza, akaandika kurasa tatu, akazitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi. Modesta hakuifungua. Bahasha ya mzee ufungue wewe uliyetumwa? Alilelewa vizuri, maskini.

Jovitus aliifungua, akasoma kwa sauti inayozidi kushuka: "Mimi manju Shimba sijakodiwa na mtu tangu nizaliwe. Modesta ni binti yangu. Ng'ombe alinipa kwa heshima tu, wala hakunidai kitu. Serikali imheshimu."

"Hii ni zawadi, mama," alisema Jovitus. "Zawadi siwezi kuiita tangazo."

Modesta alitaka kumchukia mzee, akashindwa. Hakuna aliyewahi kumsifia hivyo kwa maandishi.

Mota iling'olewa Jumanne. Mafundi walikuwa wakiipakia kwenye gari Shimba alipofika na gunia lake la mpunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Ile barua ilisaidia?"

Modesta alimtazama. Mzee alikuwa amevaa koti lake la sherehe.

"Ilisaidia sana," alisema. "Mota inakwenda matengenezo tu."

"Basi nitasubiri," alisema Shimba, akakalia gunia lake.