Kilomita Elfu Tisa kwa Mstari Mnyoofu

Hakuna ndege duniani ambayo ingeweza kumficha Edson saa ya kutua. Ndivyo alivyowaambia waombolezaji pale Nyahanga, simu mkononi, kifua mbele. Kweli alishapanda ndege: mara moja, Mwanza hadi Dar, na njia nzima alifumba macho.

"Guangzhou mpaka Mwanza ni kilomita elfu tisa," alitangaza. "Gawanya kwa mwendo wa ndege, unapata saa kumi na moja. Dada Nyamizi anaruka leo saa nne usiku. Kesho saa tatu asubuhi yuko Mwanza, saa saba yuko hapa. Saa nane tunazika."

Mjomba wake, mzee Maige, alikuwa na siku ya nne mochwari, akimngoja Nyamizi, binti yake wa pekee, aje amwone uso. Mjomba Sostenes, mdogo wa marehemu na msemaji wa familia, alimpiga Edson begani.

"Huyu ndiye rubani wetu!"

Padri akaarifiwa, kaburi likachimbwa, ng'ombe akaangushwa.

Kesho yake saa tatu na nusu asubuhi, Edson akiota moto kule nyuma wanakopikia, uliingia ujumbe wa sauti.

"Edson, niko Addis Ababa. Ndege ya Dar mpaka jioni, ya Mwanza kesho asubuhi. Waambie wasimtoe baba mochwari. Nakuomba, mdogo wangu."

Akaurudia, kana kwamba mara ya pili Addis ingesogea. Ramani ya simu ilimchorea mstari mnyoofu tu; habari za kukaa kwenye benchi kutwa nzima haikumwambia.

Alikimbia mbele. Pikapu ya kwenda mochwari ilikuwa inaunguruma tayari.

"Mjomba, subiri kidogo..."

"Rubani!" Sostenes akamkumbatia mbele ya watu wote. "Haya, dada yako kafika wapi?"

Macho yote yakamgeukia.

"Yuko... yuko angani."

Pikapu ikaondoka.

Saa nane jeneza lilikuwa chini ya turubai, jua likichoma, na barabarani hapakuwa na gari. Watu walishaaga. Padri alikuwa na mazishi mengine, akawa anaitazama saa yake.

"Tumpe nusu saa," Edson akaomba.

Wakampa. Nusu saa ya nini, alijua yeye peke yake. Udongo ulipoanza kuanguka alilia kuwashinda wafiwa wote, watu wakasema kijana huyu alimpenda sana mjomba wake.

Nyamizi alifika siku iliyofuata mchana, magurudumu ya begi yakikwama mchangani. Hakulia. Aliutazama udongo mbichi, kisha akamtazama Edson.

"Ujumbe wangu hukuupata?"

"Pole dada. Mtandao juzi na jana ulisumbua mno. Hakikuingia kitu."

Loveness, jirani yao, alikuwa anakusanya masufuria. Akayatua chini.

"We Edson! Na ule uliousikiliza mara mbili pale mafigani, mimi nachambua mchele, ulikuwa wa nani?"