Bakapu ya Jumapili Saa Nne

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini safari hii umeniumbua mbele ya mama yangu mzazi.

Mwaka jana baba, mzee Filemon, alikubali nimrekodi. Kila Jumapili nikipanda kijijini Mwika namkalisha barazani, namwekea simu, anasimulia: alivyomposa mama, alivyoanguka na kikapu cha kahawa mbele ya wakwe. Nikirudi kwangu Njoro, mjini, naziingiza rekodi hizo kwenye kompyuta ya mezani, kisha nazifuta kwenye simu ipate nafasi. Zilifika kumi na tisa.

Mdogo wangu Jesse akaniambia, "Dada, nipe na mimi nakala kwenye flashi."

Wee! Nilimshukia mbele ya mkewe. "Flashi hiyo uliyojaza miziki? Mimi nimenunua diski ya nje. Kompyuta yangu inafanya bakapu, inajinakilia humo yenyewe kila Jumapili saa nne asubuhi, niko kanisani hata siigusi. Kaa na flashi yako!"

Watu wakacheka. Jesse akairudisha flashi mfukoni.

Baba alifariki Machi mwaka huu. Mwezi wa kumi na moja kompyuta ikagoma kuwaka. Fundi Wenseslaus akaifungua, akasema diski ya ndani imekufa kabisa. Wala sikushtuka. Nikamwekea ile ya nje mezani kwa maringo.

Akaichomeka, akatazama, kisha akanitazama mimi. "Mama, humu kuna bakapu moja tu. Ya Juni mwaka jana."

"Angalia vizuri!"

"Nimeangalia. Jumapili saa nne kompyuta huwa inawaka?"

"Siizimi mimi!"

"Na umeme wenyewe je?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Kwetu hakuna anayekwenda kanisani bila kuzima swichi kubwa. Ndiyo sheria ya baba tangu nyumba ya jirani ilipoungua watu wakiwa ibadani. Alikuwa anaweza kurudi kutoka njiani kuihakikisha. Basi saa tatu nazima nyumba nzima, jioni nikirudi ndiyo nawasha. Saa nne hiyo niliyoipanga mwenyewe, haikuwahi kuikuta kompyuta ikiwa na umeme. Isipokuwa Jumapili moja, nilipolazwa kitandani na malaria. Hadi siku hiyo nilikuwa na rekodi moja tu.

Niseme ukweli, nilifikiria kumsingizia fundi. Nilishapanga hata maneno. Naona haya hadi leo.

Maana mama alikuwa na ombi moja tu: "Krismasi mniwekee baba yenu nimsikie." Na alikuwa ameshawaambia majirani.

Krismasi ikafika. Kabla ya kuingia ndani kwa mama nilichuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, jani lile ambalo kwetu ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukunyima msamaha. Nikampa Jesse mbele ya wote, nikasema kila kitu: swichi, diski, hata uongo niliotaka kusema. Alilipokea akiangalia chini. Afadhali angenitukana.

"Kwa hiyo baba yenu hayupo?" mama akauliza.

"Ipo moja, mama. Fupi, ya kujaribia simu."

"Weka."

Nikaweka. Baba akakohoa. "Imeshaanza? Haya. Rachel, kabla sijasema lolote, umezima swichi kubwa huko kwako?"

Halafu sauti yangu, inacheka: "Nimezima baba, mimi sisahau."

Ikakatika. Mama akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatetemeka, sikujua analia au anacheka.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akasema tena rudia. Mpaka chakula kikapoa tulikuwa tunarudia, na kila mara namsikia mtu yule anayejivuna akimjibu baba yangu kwamba yeye hasahau.