Mguu Mmoja Mbele ya Mkwe

Bathsheba hakukimbizwa na ng'ombe wala hakuteleza kwenye tope la Rodi Kopany. Alianguka akifagia uwanja wake, kazi aliyoifanya kila asubuhi kwa miaka arobaini na mitano, kiuno kimekunjwa juu ya ufagio mfupi. Kifundo cha mkono kikavunjika. Alipopelekwa Kisumu kupimwa mifupa, akaambiwa imepungua uzito, imejaa vitundu ndani kama mandazi yaliyoumuka.

Emmaculate, kitinda mimba wake, alisema kwa kifupi. “Mum, ukianguka tena unafunga nyumba, unakuja kukaa na sisi Migori.”

Hapo ndipo Bathsheba alipoingiwa na hofu ya kweli. Kwa Waluo wa rika lake, mama mkwe na mume wa bintiye hawagusani, na kulala chini ya paa la mkwe ni jambo la kunong'onwa hata kanisani. Angenawa uso wapi? Angekohoa vipi usiku?

Basi, mkono ulipopona, akaenda hospitali ya Homa Bay kufundishwa mazoezi ya viungo, tayari kufanya lolote atakaloambiwa. Akafungua mlango. Aliyevaa koti jeupe mle ndani alikuwa Joash, mume wa Emmaculate, aliyekuja kumshikia zamu mwenzake aliye likizo. Emmaculate ndiye aliyepanga miadi hiyo, na alijua fika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa na Bathsheba mwenyewe.

“Karibu, maro,” Joash akamwambia mama mkwe wake, macho ukutani.

“Asante, Baba Beverly,” naye akaliambia dirisha.

Kumbe Joash naye alikuwa na hofu yake. Jumapili hupenda kuzunguka sebuleni kwake na fulana ya ndani tu, na raha hiyo ingekufa siku Bathsheba atakapohamia. Kwa hiyo alifundisha kwa bidii, ingawa kutoka kona ya mbali.

“Usikunje mgongo, maro. Kunja magoti, mgongo ubaki umenyooka. Na hiyo ufagio mfupi, choma.”

“Ufagio ya mti mrefu ni ya watu wa ofisi.”

“Na ya watu hawataki kuhama.”

Bathsheba akacheka ndani ya kitambaa chake. Akaketi na kusimama mara kumi bila kujishika popote, akihema kama anayepanda kilima. Kisha akaambiwa ashike meza, ainue mguu mmoja, ahesabu hadi kumi.

Angeishika tu meza, pasingekuwa na hadithi. Lakini alipofika nne kiburi kikampanda. Alitaka mkwe aone kwamba maro wake bado ana nguvu, akaiachia. Tano. Sita. Chumba kikaanza kuinama.

“Usiniguse,” akasema, naye tayari yuko njiani kwenda sakafuni.

Joash alivuka chumba kwa hatua mbili na kumdaka mabega.

Bathsheba aliona aibu hadi masikioni. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na hawakuwa wamepeana hata mkono. Halafu akatambua kwamba bado amesimama, na kwamba mikono ile ilimshika polepole, kama inayoshika mayai. Akampenda mkwe wake ghafla, jambo ambalo hakuwahi kulipangia nafasi.

“Nitaleta mbuzi ya kuomba msamaha,” Joash akasema, akirudi nyuma.

“Lete. Mbuzi tutakula siku moja iishe. Nyonga ningeuguza mpaka kaburini.” Akaishika meza, safari hii kwa mikono yote miwili, akainua mguu. “Na usirudi huko kona. Simama hapo karibu.”

Jioni Emmaculate akapiga simu kuuliza mazoezi yalikuwaje.

“Nilitaka kuanguka. Mume wako akanishika.”

“Na wewe ukakubali?”

“Ungetaka nikatae,” Bathsheba akasema, “ndio nihamie kwenu?”