Wiki Wageni Walipouza Saruji

Jumatatu asubuhi hisa za kiwanda cha saruji zilianza kuporomoka, na kufikia saa sita mchana robo ya bei ilikuwa imeyeyuka. Waliokuwa wakiuza ni mifuko mikubwa ya uwekezaji ya nje. Kwenye mfuko wa pensheni wa walimu, hisa hizo zilisimamiwa na mwanamke ambaye wenzake walimwita Mama Takwimu.

Mkuu wake akasimama mlangoni. "Wageni wanakimbia. Sisi tunangoja nini?"

"Nipe siku mbili, mzee."

Kabla Mama Takwimu hajanyanyuka kitini, mjomba wake, mwalimu mstaafu, akapiga simu. "Nasikia redioni mmetuzamisha."

"Shikamoo kwanza, mjomba."

"Marahaba. Miaka thelathini na mbili nimekula vumbi la chaki. Msiichezee pensheni yangu."

Kesho yake Mama Takwimu alikwenda kiwandani. Alikuta malori kumi na tisa kwenye foleni. Mpima mizani, vumbi hadi kwenye kope, akamwambia, "Hizo hisa sizijui, dada. Ninachojua, jana tumekataa oda nne, saruji haitoshi."

Jioni akampigia dalali aliyewauzia wageni hisa zao. "Hawana ugomvi na kiwanda," dalali akasema. "Riba imepanda kwao, wanarudisha pesa nyumbani. Mmoja hata hajui kiwanda kiko mji gani."

Jumatano alisimama mbele ya kamati ya uwekezaji. "Mambo yakibadilika kwao, wageni wanahamisha pesa kabla hatujanywa chai. Walimu wetu watastaafu hapahapa. Sisi tunaweza kungoja miaka kumi. Tununue."

Mkuu akakuna kidevu. "Na ukikosea?"

"Nitakuwa nimekosea baada ya kwenda kuangalia."

Wakanunua, ila nusu ya alichoomba.

Mwezi wa kwanza bei ilizidi kushuka, naye akakosa hamu ya kula. Kisha ikatulia. Mwaka ulipokwisha, kiwanda kiliwapa wenye hisa gawio nono, na mifuko miwili ya nje ikarudi kununua, kwa bei ya juu kuliko ile waliyouzia.

"Wamerudi hao," mjomba alisema kwenye simu, akicheka.

"Acha warudi, mjomba. Bila wao soko hupoa, wanunuzi tunabaki wawili watatu tukitazamana."

Wiki hiyohiyo mkuu akamwita, akamkabidhi ufunguo wa gari la ofisi na orodha ya kampuni kumi na moja. "Kuanzia sasa hatuuzi wala hatununui kabla hujafika kwenye kampuni yenyewe," alisema. Mama Takwimu aliisoma orodha akiwa bado amesimama, akaamua ataanza na kiwanda cha maziwa.